Chupa Isiyo na Jina: Barua ya Wazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, OSHA na Wizara ya Afya

Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali,
Kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi),
Kwa Mganga Mkuu wa Serikali, Wizara ya Afya.

YAH: THINA INAYOUZWA KWENYE CHUPA ZA MAJI, NA MAFAILI YA WAGONJWA YASIYOULIZA KAZI

Waheshimiwa,

Kwenye faili la kaka yangu, pale penye neno "Kazi", karani wa hospitali ameandika "Amejiajiri". Hakuna kingine. Kaka amepiga rangi magari kwa miaka 23. Alianza kama saidia fundi, kazi yake kupiga msasa na kuosha bomba la kupulizia rangi kwa thina, kile kiyeyushi cha rangi, mikono mitupu. Baadaye akawa fundi wa kutegemewa, mwenye kompresa yake na wateja wanaomfuata kila anapohamia, chini ya mwarobaini huu au nyuma ya ukuta ule. Miaka yote hiyo, siku sita kwa wiki, pengine saba, amevuta hewa yenye mvuke wa thina. Faili linasema amejiajiri. Muuza mchicha naye amejiajiri, na mwenye mabasi kumi vilevile.

Kwa miaka mitatu alikuwa akipatwa na kitu ambacho nyumbani tulikizoea tukakiita "ile hali". Amekaa mezani, hajagombana na mtu, hajabeba mzigo. Ghafla kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio mpaka unaliona shati likicheza kifuani, jasho linalowanisha kola, uso unapauka. Dakika ishirini imekwisha, anaomba chai. Shangazi alisema ni jini na linataka ubani. Zahanati walisema presha, wakampa vidonge na kumkataza chumvi. Kwingine walimpima malaria. Shemeji yangu akaambiwa ampunguzie mume wake mawazo, kana kwamba mawazo ni sukari unayoweza kuipunguza kwenye kikombe.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyeshtuka kwamba presha ya mtu huyu inapanda na kushuka kama lifti. Akamwagiza akusanye mkojo wa saa 24 kwenye kidumu, ukaenda kupimwa mabaki ya adrenalini. Ikafuata picha ya CT. Juu ya figo ya kushoto kulikuwa na uvimbe. Unaitwa feokromositoma.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, si daktari, kwa hiyo nitaueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Tezi adrenali ni mbili, ndogo, kila moja imekalia figo yake kama kofia. Kiini cha tezi hiyo ndicho kinachomimina adrenalini mtu anapokurupushwa na mbwa usiku. Uvimbe huu ukiota pale, adrenalini na ndugu yake noradrenalini humiminika bila mbwa kuwapo. Mgonjwa anakuwa mtu anayekimbizwa huku amekaa kwenye kiti. Na ni uvimbe wa hila. Mgonjwa akipelekwa kupasuliwa, hata kwa jambo jingine kabisa, bila kujulikana kwamba anao, presha yake inaweza kupanda mezani pale pale ikamuua. Ndiyo maana kwanza hupewa dawa maalumu za kulegeza mishipa, kwa kawaida siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji. Kaka alizimeza wiki mbili, akinywa maji mengi na akiamriwa ale chumvi, yeye ambaye kliniki ilikuwa imemnyima chumvi miaka mitatu. Alipasuliwa, akapona. Barua hii si ya msiba, namshukuru Mungu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji aliniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma kemia. Ni hii thina?"

Nimetafuta jibu karibu mwaka mzima. Nililopata nitawaeleza lilivyo, bila kulitia chumvi, kwa sababu mkigundua nimetia chumvi mahali pamoja mtalitupa na lile la kweli.

Mwaka 2004, Mpango wa Taifa wa Toksikolojia (elimu ya sumu) wa Marekani ulitoa ripoti juu ya kiyeyushi kinachoitwa Stoddard. Ni mafuta mepesi yanayotokana na mafuta ghafi, jamii moja na waiti spiriti tunayosafishia brashi. Kimepewa jina la W. J. Stoddard, dobi wa Atlanta, aliyehangaika miaka ya 1920 kupata kitu cha kufulia nguo kisichowaka kirahisi kama petroli, maana mashine za madobi wa kule zilikuwa zikilipuka. Kwa hiyo kiyeyushi chenyewe kilizaliwa kama jambo la usalama. Nalipenda tukio hilo. Linafundisha kwamba kila dawa ya tatizo la leo inafaa kuangaliwa tena kesho.

Watafiti waliwavutisha panya mvuke wa kiyeyushi hicho saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa karibu miaka 2. Nilipoisoma ratiba hiyo nilicheka kidogo: panya walikuwa na mapumziko ya Jumamosi na kaka hana. Kwa panya madume, uvimbe wa kiini cha tezi adrenali, ule ule wa kaka, uliongezeka. Watafiti wakauita "ushahidi wa kiasi", daraja lililo chini ya "ushahidi dhahiri" na juu ya "ushahidi usioeleweka". Kwa panya majike hawakuona ushahidi wa saratani.

Hapo ndipo wenye maduka ya thina wangependa niishie, au ndipo wenye hasira wangependa nianzie kupiga kelele. Yote mawili si sawa. Panya madume wa ukoo ule uliotumika wana tabia ya kuota uvimbe huu hata wasiponusa kitu. Wapo wanasayansi wanaosema kwamba kwa panya, mapafu au figo zikishaharibika, mwili hutatizika kwa namna inayochokoza tezi, na kwamba hilo halihamishiki moja kwa moja kwa binadamu. Isitoshe, kwa binadamu, theluthi moja hivi ya wenye feokromositoma au zaidi wana hitilafu ya jeni waliyorithi. Kaka hakupimwa jeni. Huenda ni damu ya babu yetu, wala thina haihusiki kabisa.

Tena, thina ya gereji si Stoddard. Thina ya rangi za magari kwa kawaida ni mchanganyiko: toluini, zailini, asetoni, alkoholi kadhaa, na kila mchanganyaji ana kipimo chake. Nilikwenda mwenyewe dukani alikokuwa akinunua kaka. Pipa la lita 200 limelala pembeni, lina bomba chini. Kijana anakinga thina kwenye chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, karatasi ya kampuni ya maji bado iko juu yake, picha ya mlima na theluji. Nikamuuliza, kuna nini ndani?

"Thina."

Ya kampuni gani?

"Ya pipa."

Waheshimiwa, hapo ndipo utafiti wangu ulipogota. Ninajua kusoma ripoti ya Marekani ya 2004. Ninaweza kuwaambia panya walipewa nini, kwa kipimo gani, kwa saa ngapi. Siwezi kuwaambia kaka yangu, raia wa nchi hii, amevuta nini kwa miaka 23. Panya ana kumbukumbu nzuri kuliko fundi.

Nawaomba sasa twende Osaka, nchini Japani, maana bila Osaka hamtaona kwa nini chupa ile inaninyima usingizi.

Kulikuwa na kampuni ndogo ya uchapishaji, wafanyakazi wengi wao vijana. Kazi yao ilikuwa kuchapa nakala za majaribio za rangi, na baada ya kila kazi walifuta mitambo kwa vitambaa vilivyolowekwa kiyeyushi, mamia ya mara kwa siku, kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha. Miaka ikapita. Wakaanza kuugua saratani ya mirija ya nyongo. Hiyo ni saratani adimu, na kwa kawaida ni ya wazee. Hawa walikuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 45. Mtaalamu wa afya kazini, Shinji Kumagai, na wenzake walipofuatilia na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walihesabu wagonjwa 11 kati ya wanaume 62 waliofanya kazi kwenye sehemu ile. Kwenye ugonjwa ambao kwa umri ule ungetarajia usimkute hata mmoja!

Kiyeyushi kilichoshukiwa ni 1,2-dikloropropani. Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilikuwa limekiweka Kundi la 3, maana yake ushahidi hautoshi kusema lolote. Mwaka 2014, baada ya Osaka, kikahamishiwa Kundi la 1: kinasababisha saratani kwa binadamu. Kemikali haikubadilika hata atomu moja kati ya 1999 na 2014. Kilichobadilika ni kwamba watu waliugua na mtu akawahesabu.

Kwa hiyo mtu anaponijibu kwamba "haijathibitishwa" kwamba viyeyushi vinaleta feokromositoma kwa binadamu, nakubaliana naye kabisa. Kisha namuuliza: nani anahesabu?

Ihamisheni Osaka ije kwenye gereji za mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, au Keko kwa maseremala wanaopiga vanishi vitanda kuanzia asubuhi. Osaka iliwezekana kujua nani alifanya kazi kwenye sehemu ile, na lini. Iliwezekana kujua kiyeyushi gani kilitumika miaka gani. Wagonjwa waliweza kufuatwa mpaka kwa mwajiri mmoja. Sisi vijana wetu kumi na mmoja wangekuwa wametawanyika. Mmoja alishahamia Morogoro. Mwingine aliacha gereji akawa dereva wa bodaboda, na hospitalini ameandikwa dereva. Mmoja alirudi kijijini kwao kuugulia, akafa, ikasemwa alirogwa kwa sababu ya kiwanja. Wengine wako kliniki ya presha. Na wote, wale walioandikwa chochote, wameandikwa "Amejiajiri". Ugonjwa ule ule, kiyeyushi kile kile, tusingejua mpaka leo.

Na kwa uvimbe adimu hali ni mbaya zaidi. Nchi zinazoweka kumbukumbu hukadiria wagonjwa wapya wa feokromositoma wawili hadi wanane kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kama makadirio hayo yanatufaa sisi pia, basi kila mwaka kati ya Watanzania 120 na 490 wanaupata. Gawanyeni kwa mikoa. Daktari wa wilaya anaweza kustaafu akiwa ameuona mara moja, au ameuona mara tano akauita presha. Hakuna daktari mmoja atakayesimama siku moja aseme, "Mbona hawa wote ni mafundi rangi?" Hatawaona pamoja kamwe. Hata kama kati yao hakuna uhusiano wowote na thina, na nasema tena inawezekana haupo, hatuna njia ya kulijua hilo pia. Kutojua kwetu kunamnyima muuza thina mwaminifu kinga kama kunavyomnyima fundi.

Ombi langu la kwanza ni kwako, Ndugu Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Namba 3 ya mwaka 2003, ipo. Inataka wanaoshughulika na kemikali wasajiliwe na kemikali ziwe na lebo. Ninaamini pipa lile la lita 200 lilipoingia bandarini lilikuwa na lebo, pengine hata na ile alama ya kimataifa ya kiwiliwili chenye kifua kilichopasuka kama nyota. Lebo inafia dukani, siku bomba linapofunguliwa. Basi naomba sheria isindikizwe mpaka kwenye chupa. Stika ndogo, kwa Kiswahili: kilichomo, kwa majina na kwa asilimia, namba ya pipa, jina la duka, tarehe. Muuzaji apewe stika pamoja na pipa na aliyemuuzia. Stika mia na thelathini na nne zinamaliza pipa zima la lita 200 kwa chupa za lita moja na nusu. Nimepiga hesabu hiyo makusudi, maana najua jibu la kwanza litakuwa gharama.

Na chupa ya maji ya kunywa ikatazwe kabisa. Hilo halihitaji utafiti wa panya. Mtoto wa jirani yetu aliwahi kunyanyua chupa ya thina akadhani ni maji. Alitapika, akakohoa siku nne, tulibahatika. Picha ya mlima na theluji juu ya toluini! Sijui nani alaumiwe kwa hilo zaidi ya mazoea.

Wadenmaki walipambana na mvuke wa rangi miaka ya 1970 na 1980, baada ya wapaka rangi wao kuanza kupoteza kumbukumbu na utulivu wa akili. Moja ya walichofanya ni kuweka namba kwenye kila kopo la rangi, namba inayomwambia fundi hewa inayohitajika ni kiasi gani na avae nini. Fundi hahitaji kujua kemia. Anasoma namba. Naleta mfano huo kwa sababu huwa naambiwa kwamba mafundi wetu "hawawezi kuelewa" lebo. Kaka yangu anachanganya rangi ya gari kwa macho mpaka huwezi kuona kiraka kiko wapi. Namba mbili hazimshindi.

Ombi la pili ni kwako, Mganga Mkuu. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliwaasa madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita na mstari huo tunao kwenye fomu, ila tunaujaza kama tunavyojaza dini, kwa kutimiza wajibu. Naomba "Amejiajiri" isikubalike kama jibu. Liwepo swali la kazi yenyewe, la miaka, na la tatu: unashika nini au unavuta nini kazini? Maneno sita ya karani. Na pale mgonjwa anapokutwa na uvimbe wowote adimu, majibu hayo yafuate jina lake mpaka kwenye rejesta ya saratani, hata kama uvimbe umeonekana si saratani. Feokromositoma nyingi hazisambai, na hivyo huwa rahisi zikaachwa nje ya hesabu.

Nikiwa hapo hapo: mtu mwenye presha ya kupanda na kushuka ghafla, jasho, moyo mbio na kichwa, tafadhali waganga wa zahanati wafundishwe kuukumbuka uvimbe huu kabla ya kumpa ushauri wa kupunguza mawazo. Kuna vidonge vya presha vya kutuliza moyo ambavyo, vikitangulizwa peke yake kwa mgonjwa wa namna hii, vinaweza kumwongezea hatari. Kaka alipewa. Sitasema wapi, aliyempa alifanya alilofundishwa.

Kwa OSHA nina neno refu kidogo, na lina lawama ndani, naomba radhi mapema.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inasomeka vizuri. Lakini inafikiri mahali pa kazi pana geti, mwajiri na ubao wa matangazo. Mahali pa kazi pa kaka ni kivuli. Jua likihama naye anahama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unamjua mtu mwenye mwajiri anayemchangia. Kaka hana, kwa hiyo hata siku moja ikithibitika kwamba thina ndiyo iliyomwotesha uvimbe, hana wa kumwendea. Sisemi mnaweza kuyabadilisha hayo kwa mwezi mmoja. Nasema msije kwa namna moja tu ninayoihofia: gari la wakaguzi na mgambo, kompresa zikabebwa, mafundi wakatozwa faini, wakahamia uchochoro wenye hewa mbaya zaidi ya pale walipokuwa. Mkiwafukuza kwenye kivuli mtawapeleka kwenye chumba, na chumbani mvuke hauendi popote.

Njooni na vitu vya kushikika. Mafundi rangi karibu wote ninaowajua wanaamini maziwa yanasafisha kifua. Wakimaliza kupuliza gari wanatuma mtoto dukani alete pakiti ya mtindi. Nimejaribu kueleza kwamba maziwa yanakwenda tumboni na mvuke uko kwenye mapafu na damu, njia mbili zisizokutana. Wananicheka, kwa sababu mwalimu wao wa kazi aliwafundisha hivyo na yeye alifundishwa hivyo. Wengine hufunga kitambaa puani. Kitambaa kinazuia vumbi la msasa, hakizuii mvuke hata kidogo, hata kikiwa kimelowekwa maji. Kinachozuia ni barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu, vinavyobadilishwa kila vinapochoka. Nimezunguka Kariakoo nikaipata kwenye maduka mawili tu, kwa bei ambayo fundi akiifikiria anaona afadhali mtindi. Kama kuna kodi mnaweza kuipigia simu Wizara ya Fedha iondolewe, ni kwenye vichujio hivyo. Na mfundisheni fundi mmoja kila mtaa, yule anayeheshimiwa, siyo yule aliyesoma.

Nisisahau jambo moja linalojulikana wazi, lisilo na panya ndani yake. IARC imeiweka kazi yenyewe ya upakaji rangi Kundi la 1 tangu mwaka 1989, hasa kwa saratani ya mapafu, na baadaye ya kibofu. Hiyo haihusu tezi adrenali. Nimeitaja kwa sababu kuna atakayeisoma barua hii na kusema mwalimu huyu anapigania ugonjwa wa watu mia moja. Stika ile ile na swali lile lile la karani vingewafaa na hawa wengine, ambao ni wengi.

Kaka amerudi kazini. Nilimwomba aache, alinitazama kama nimemwambia aache kupumua. Sasa anapuliza rangi akiwa upande unaotoka upepo, ana barakoa niliyomnunulia, na thina anaikinga kwenye kidumu cha bati alichokiandika kwa rangi yake mwenyewe, herufi nzuri nyekundu: THINA, USINYWE. Asilimia ya kilichomo hakuandika, hana pa kuitoa.

Ile chupa ya mlima na theluji ninayo mimi. Ina nusu lita hivi ya "ya pipa". Nimeifunga vizuri, iko stoo ya maabara ya shule, juu kabisa, nimebandika karatasi yenye tarehe na jina la mtaa ilikonunuliwa. Kwenye mstari wa kilichomo nimeacha wazi. Naomba nijulishwe niilete dirisha gani ipimwe, na kipimo kinagharimu kiasi gani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia,
Dar es Salaam.